Tela la kulala linapogoma jekini: dalili, sababu na jinsi ya kujinasua ukiwa Dodoma

Barabara ya Iringa inayopanda kupitia Mtera, ikaingia Dodoma, ikaendelea Kondoa na Babati hadi Arusha, ni kipande cha ile njia ndefu ya Cape hadi Cairo. Ndiyo maana kila kiangazi tunaona magari yenye namba za kusini yakiburuta matela ya kulala. Wengine huyaita karavani. Karakana kwetu vijana wanayaita "nyumba za kuburuta", na sijaona jina linaloyafaa zaidi: kuta, dirisha, jiko, kitanda, tanki la maji, vyote juu ya tairi mbili au nne.

Fundi aliyezoea lori huliona tela la namna hii kama mchezo, na hapo ndipo anapokosea. Lori lina chesisi (fremu ya chini) nene na ekseli (mhimili wa magurudumu) ya kubeba tani kumi. Tela la kulala chesisi yake ni nyembamba, ekseli ni bomba tupu, na ukuta ni bati juu ya fremu nyepesi. Ukilipiga jeki kama Fuso, kitu kitapinda. Nimepanga haya kwa dalili kwa sababu mteja huniambia dalili. Hakuna aliyewahi kunipigia simu akasema "fundi, nimeweka jeki pasipostahili." Husema, "fundi, jeki inazama."

Jeki inazama, tela halipandi

Hii ndiyo namba moja, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zetu zikiwepo. Watu huilaumu jeki, kumbe kosa liko kwenye udongo, na hesabu yake ni rahisi. Chukua tela la tani tatu, upande mmoja unabeba kama tani moja na nusu. Kitako cha jeki ya chupa kina sentimita 12 kwa 12, yaani sentimita za mraba 144. Kila sentimita ya mraba inabeba zaidi ya kilo kumi. Weka chini yake ubao wa sentimita 40 kwa 40, uzito uleule unagawanyika hata haufiki kilo moja kwa sentimita. Jeki ni ileile na udongo ni uleule, lakini sasa haizami.

Ubao uwe mgumu, unene usipungue inchi mbili. Mninga mkavu unafaa, mkongo unafaa. Plaiwudi nyembamba hukunjika katikati, pembe zikainuka, ukabaki palepale. Usitumie tofali la saruji, hata kama ndilo pekee lililopo. Mbao hulia kabla ya kuvunjika, tofali hupasuka kimyakimya. Jiwe nalo huteleza.

Kiangazi kina mtego wake. Mwaka mmoja niliitwa upande wa Bahi, tela limesimama pembeni kidogo ya barabara kwenye udongo mweusi wa mbuga. Juu pamekauka, pana nyufa za kuingia kidole, ukipiga kisigino hapabonyei. Nikaweka jeki moja kwa moja chini. Mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake akasimama kutazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ardhi unaiona ngumu juu tu. Chini ni uji."

Nilicheka kwa adabu nikaendelea kupampu. Pampu ya nane au ya tisa kitako cha jeki kilikatika kuingia chini upande mmoja, kama kisu kwenye ugali, na jeki ikalala kuelekea kwangu. Bahati tairi lilikuwa halijaacha ardhi. Mzee hakusema neno, aliswaga ng'ombe wake akaenda zake. Tangu siku hiyo ubao wangu hauondoki nyuma ya kiti.

Lami nayo usiiamini saa saba mchana. Jua la huku huilainisha, na jeki huacha alama ya kitako chake kama muhuri.

Tela linapanda, lakini tairi bado limekaa chini

Hapa hakuna kilichoharibika. Ukiinua chesisi, springi zinanyooka na kusukuma tairi chini, kwa hiyo lazima uinue chesisi sentimita kadhaa zaidi kabla tairi halijaanza kuelea. Jeki fupi inaishiwa urefu kabla ya hapo. Mtu akiona hivyo anapata wazo: "Ngoja niweke jeki chini ya ekseli, nisihangaike na springi."

Usifanye. Ekseli nyingi za matela haya zimepindwa kidogo kiwandani, katikati iko juu kuliko ncha, ili zikibeba mzigo tairi zisimame wima. Ukisukuma bomba hilo kwa jeki katikati au karibu na katikati, unabadilisha mkunjo huo. Kwa macho hutaona kitu. Utakuja kuona kilomita elfu kadhaa mbele, tairi limeliwa upande mmoja peke yake kama limepigwa randa, na utalaumu upepo wa tairi. Nimewahi kupokea tela lililobadilishwa tairi mara mbili kwa sababu hiyo. Mwenyewe alikuwa anajivunia jinsi anavyoweza kubadili tairi kwa dakika kumi, jeki chini ya bomba.

Mahali pa kuweka kichwa cha jeki ni kwenye chesisi yenyewe, kwenye mhimili mrefu wa pembeni, karibu na pale springi zinapofungwa. Hapo ndipo chuma kimeimarishwa. Baadhi ya matela yana alama au kipande cha bati nene kilichochomelewa hapo makusudi. Baadhi ya watengenezaji huruhusu jeki chini ya kile kibati cha yubolti (boliti yenye umbo la U), pale ekseli inapokutana na springi. Kama kitabu cha tela lako kinasema hivyo, kifuate. Kama huna kitabu, kaa kwenye chesisi. Matela yasiyo na springi, yale ambayo ekseli ina mpira ndani, nayo ni chesisi tu.

Jeki ikiwa fupi, inua msingi badala ya kurefusha shingo. Panga mbao mbili mbili zikikatana kama kichanja, tabaka moja huku, tabaka lingine kule, halafu jeki juu yake. Gogo moja lililosimama wima juu ya kichwa cha jeki ni ajali inayosubiri mtu wa kuigusa.

Tela linatembea likiwa juu ya jeki

Hii inaua. Ukiinua tairi moja la tela la tairi mbili, umeondoa nusu ya kinachoshika ardhi. Nusu iliyobaki inategemea tairi moja upande wa pili, na kama umelitenga tela na gari, hakuna kingine. Linaweza kusogea mbele sentimita tano tu, na sentimita tano zinatosha kuilaza jeki.

Angalia kwanza kama tela bado limefungwa kwenye gari. Watu wengi hulifungua wakidhani wanapunguza uzito. Acha limefungwa. Gari liwe kwenye gia, hendibreki juu, na tairi za gari nazo zizuiwe. Matela mengi ya Afrika Kusini na Ulaya yana hendibreki yake kwenye shingo, ule mkono wa kuliunganisha na gari, mengi ya Marekani hayana, kwa hiyo usiwaze kwamba kila tela lina mkono wa kuvuta. Na hata linapokuwa nao, ukiinua tairi moja breki ya tairi hilo haishiki kitu tena.

Pili ni kabari. Ziwekwe upande unaobaki chini, mbele na nyuma ya tairi, zibane kabisa. Jiwe lililolala sentimita tatu mbali na tairi ni pambo tu. Tela la ekseli mbili, weka pia kwenye tairi jirani la upande unaoinua, maana hilo linakaa chini muda mrefu zaidi.

Kama barabara ina mteremko unaouona kwa macho, songa mbele utafute tambarare. Tairi limeisha upepo? Nenda polepole hata mita mia mbili. Rimu inanunuliwa. Hili nalisema kwa nguvu zaidi kwa barabara ya Morogoro, ambako malori ya bara hupita usiku na mchana. Tela likiharibika tairi la kulia, mgongo wako ndio unaoelekea malori. Weka pembetatu zako mbili mbali, na matawi ya miti juu yake, kwa sababu dereva wa huku huamini tawi kuliko pembetatu. Lakini ukitoka, ondoka na matawi yako.

Tela linayumba hata kabla hujaligusa

Upepo. Mgeni hasadiki mpaka aone. Kati ya Juni na Septemba Dodoma huvuma, na tela la kulala ni ukuta mrefu unaoupokea upepo wote kwa ubavu. Likiwa kwenye tairi zake halijali. Likiwa kwenye jeki linatikisika, kila mtikisiko ukisogeza kichwa cha jeki kidogo. Kazi ya kuinua fanya asubuhi mapema. Mchana geuza gari na tela pua ielekee upepo. Funga madirisha, shusha kipaa cha turubai.

Sababu nyingine ya kuyumba ni mtu ndani. Nimewahi kumsikia mtoto akiruka kitandani wakati baba yake yuko chini anafungua nati. Kila mtu atoke, na mbwa pia. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe. Tanki la maji kama lina lita mia na hamsini, hizo ni kilo mia na hamsini zinazocheza ndani. Kama huna haja nayo, mwaga, au wape majirani. Maji huku hayamwagwi hovyo.

Jeki inashuka yenyewe

Hapa fundi anahitaji macho. Weka mzigo kidogo tu, tela lipande sentimita moja, halafu ngoja dakika tano uone. Ikishuka, soma hivi.

Kama mti wa jeki, ile nguzo inayopanda, una mafuta yanayochuruzika kuuzunguka, sili (mpira wa kuzuia mafuta) imechoka. Hiyo haitengenezwi barabarani. Kama ni mkavu kabisa na bado inashuka, mafuta yanarudi ndani kwa ndani kupitia vali, na mara tisa kati ya kumi ni vumbi. Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Kwanza hakikisha skrubu ya kushushia imekazwa sawasawa, maana mara nyingine tatizo ni hilo tu. Bado? Ishushe kabisa, fungua skrubu mizunguko miwili, pampu haraka mara kumi bila mzigo, kaza tena. Mara nyingi chembe inaondoka na mafuta.

Kama inapanda nusu halafu mkono unakuwa mwepesi kama wa baiskeli isiyo na mnyororo, mafuta yamepungua au kuna hewa. Fungua kizibo cha mpira ubavuni jeki ikiwa imeshuka na imesimama wima. Mafuta yafike ukingo wa tundu. Tumia mafuta ya haidroliki. Mafuta ya breki usiyaguse, yanavimbisha sili za jeki, na wiki ijayo utakuwa na jeki ya kupimia uzito kwenye mizani ya chuma chakavu.

Jeki ya chupa ifanye kazi ikiwa imesimama. Ukiilaza, nyingi zinavuta hewa badala ya mafuta.

Hata jeki nzima usiiamini kushika. Ikiisha kupandisha, weka stendi, kile kiti cha chuma cha kushikilia mzigo, chini ya chesisi, shusha tela taratibu mpaka likalie stendi, jeki ibaki inagusa tu kama mlinzi. Mkono wako usipite chini ya tela kabla ya hapo, hata kuokota nati. Stendi nazo zinahitaji ubao chini, miguu yake minne ni miembamba na inazama kuliko jeki. Na uwezo wake soma kwenye kibandiko, usikisie kwa unene wa chuma.

Miguu ya pembeni imepinda

Ile miguu minne ya kukunja kwenye pembe za tela ni ya kulituliza watu wakilala, si ya kuliinua. Mtu akiizungusha mpaka tairi liachie ardhi, mguu unapinda, au mbaya zaidi chesisi inajikunja na mlango unaanza kugoma kufunga. Ukiona mlango umeanza kugoma ghafla baada ya kubadili tairi, muulize aliyebadili.

Nati zinazungusha tairi

Umeinua kabla ya kulegeza. Shusha, legeza kila nati nusu mzunguko tairi likiwa chini, inua tena. Usimwambie mtu ashike tairi kwa miguu.

Tairi liko juu: sasa lisome

Watu wengi wakishafika hapa wanabadili tairi na kuondoka. Umelipa gharama yote ya kuinua, tumia dakika kumi zaidi.

Shika tairi juu na chini, kama saa sita na saa kumi na mbili, vuta na kusukuma. Likicheza, mwambie mwenzako aangalie nyuma: habu, kitovu kinachofungwa tairi, inacheza juu ya ekseli, au ekseli nzima inacheza kwenye springi? Ya kwanza ni beringi, zile gololi ndani ya habu. Ya pili ni bushi (vikombe vya kwenye maungio ya springi) au yubolti zilizolegea.

Zungusha kwa mkono usikilize. Mlio wa mchanga kwenye sufuria ni beringi iliyoliwa. Mlio wa kukwaruza unaokuja na kuondoka kila mzunguko mara nyingi ni breki inayogusa. Kama tela limetoka barabarani sasa hivi, kabla ya yote pitisha mgongo wa kiganja karibu na kila habu. Zote zina joto, hilo ni kawaida. Moja ikiwa kali kuliko wenzake, hiyo ndiyo ya kufungua.

Grisi ndani ya rimu au kwenye ngoma ya breki maana yake oili sili ya nyuma, mpira unaozuia grisi isitoke, imepasuka. Sababu ninayoiona mara nyingi zaidi ni mtu aliyependa tela lake kupita kiasi: amepampu grisi kwa bunduki mpaka ikatafuta njia ya kutoka. Breki zenye grisi hazisafishwi kwa kufuta, viatu vya breki vinabadilishwa.

Beringi zifunguliwe, zioshwe na kupakwa grisi upya kila mwaka au kila kilomita elfu kumi na tisa hivi, chochote kikitangulia. Kwa njia za vumbi, fupisha. Osha kwa dizeli, kausha, usiizungushe kwa upepo wa kompresa maana inaweza kuruka vipande. Itazame juani: rangi ya buluu ni joto, vidoti ni kutu au mchanga. Ikiwa na kimojawapo, itupe pamoja na bakuli lake, ile pete inayoizunguka. Usichanganye grisi mpya na ya zamani usiyoijua, ondoa yote.

Kurudisha kuna mahali wengi wanakosea, wanakaza nati ya habu kama nati ya tairi. Kaza huku unazungusha habu, kwa nguvu ya kama Nm 68 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ili beringi zikae. Kisha legeza kabisa bila kuzungusha habu. Kisha kaza kwa vidole tu mpaka iguse. Ingiza pini ya kuizuia nati, ikunje. Kama tundu halilingani, rudisha nyuma kidogo, usiende mbele. Mchezo kidogo sana, usiofika robo ya milimita, unatakiwa uwepo. Pini ya zamani usiirudishe. Mpya bei yake haifiki ya andazi.

Tairi lenyewe, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye ukuta wake baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela husimama kuliko kutembea, kwa hiyo tairi lake huzeeka kabla ya kuisha. Meno mazuri yasikudanganye, tazama nyufa ndogo kwenye mikunjo. Hili muhimu zaidi ukinunua la mtumba.

Nati zinalegea baada ya safari

Mara nyingi ni rangi mpya kwenye rimu, vumbi kati ya rimu na habu, au nati zilizokazwa kwa kuzunguka duara. Safisha nyuso zote mbili kwa brashi ya waya. Anza kwa mkono zote, halafu kaza kwa kuruka, moja kisha ya upande wa pili, tela likiwa limeshuka kwenye tairi zake. Boliti za nusu inchi hutaka kati ya Nm 122 na 163, lakini kitabu cha rimu yako ndicho kinachotawala. Kusimama juu ya wilispana si kipimo. Kama huna toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, azima, au pita karakana yenye nayo.

Kisha kaza tena baada ya kilomita kama 16, 40 na 80. Ukitoka mjini kuelekea Morogoro, ya kwanza inakukuta maeneo ya Ihumwa, ya pili umeshaipita Chamwino, ya tatu unaikaribia Kibaigwa, na hapo kuna mahali pa kusimama na chai ya kutosha. Agiza chai kwanza, kaza nati wakati inapoa.